Kulinganisha udhihirisho wa jeni katika chembe sahani za wagonjwa: mwongozo kamili, kuanzia sindano hadi orodha ya jeni

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana mno. Mmoja anauliza kwa nini orodha yake imejaa jeni za kinga wakati wagonjwa wake hawana maambukizi yoyote. Mwingine amepata RNA (nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi) kiduchu, haitoshi hata kupimwa mara mbili. Wa tatu anashangaa kuona watu wenye afya wamegawanyika makundi mawili kwenye mchoro. Wote wanatafuta kosa kwenye kompyuta. Mara nyingi kosa limefanyika kwenye tyubu ya damu, ndani ya saa chache za mwanzo, na hakuna programu itakayoliondoa baadaye.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa uzamili, wataalamu wa maabara na madaktari wa damu wanaotaka kulinganisha RNA ya chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, za wagonjwa na za watu wenye afya. Ugonjwa waweza kuwa wa kurithi, kama ule wa Glanzmann, wa Bernard-Soulier, wa chembe sahani za kijivu au wa jeni RUNX1. Waweza pia kuwa wa kuupata maishani, kama ITP, ambapo kinga ya mwili yenyewe hushambulia chembe sahani. Hatua ni zilezile, ila kila ugonjwa una mtego wake, nami nitautaja mahali pake.

## Mambo mawili ya kushika kabla ya kuanza

La kwanza: chembe sahani haina kiini. Haiwezi kuandika RNA mpya kutoka kwenye kromosomu. Karibu RNA yote iliyomo imetoka kwa megakariosaiti, chembe kubwa ya uboho iliyoizaa, na huanza kupungua tangu siku inapoingia kwenye damu. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Kwa hiyo unachopima ni akiba iliyobaki, na akiba hiyo hutegemea sana umri wa chembe.

La pili: RNA ya chembe sahani moja ni kidogo mno, na ya chembe nyeupe ni nyingi mno. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba chembe nyeupe moja ina mRNA (RNA yenye maagizo ya kutengeneza protini) mara 10,000 hivi ya iliyomo katika chembe sahani moja. Piga hesabu. Ukibakiza chembe nyeupe 1 katika kila chembe sahani 100,000, wengi wataona sampuli yako ni safi sana. Lakini 10,000 gawanya kwa 100,000 ni asilimia 10: karibu sehemu moja ya kumi ya RNA unayosoma si ya chembe sahani.

Lenga chembe nyeupe 1 au pungufu katika chembe sahani 1,000,000.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa kuchukua damu:
- Sindano ya kipepeo ya geji 21. Iliyo nyembamba zaidi huzichubua chembe na kuziamsha.
- Tyubu zenye kizuia-kuganda cha ACD-A, au cha sitreti ya sodiamu ya asilimia 3.2. Heparini usiitumie: huziamsha chembe sahani na hukwamisha PCR (kipimo kinachozidisha nakala za jeni ili zihesabike).
- Tyubu moja ya EDTA kwa hesabu kamili ya damu.

Kwa kutenganisha:
- Sentrifuji yenye vikapu vinavyoning'inia, inayodhibiti joto na kuruhusu breki kuzimwa.
- Prostaglandini E1, ya kuzituliza chembe sahani.
- Bafa ya Tyrode isiyo na kalisiamu.
- Shanga za sumaku zenye kingamwili ya CD45 (protini iliyo juu ya chembe nyeupe), pamoja na safu ya kuchujia na sumaku yake. Ukiweza, ongeza za CD235a kwa ajili ya chembe nyekundu.
- Pipeti za plastiki zenye ncha pana. Kioo kitupu huzivuta chembe sahani na kuziamsha.

Kwa RNA na ukaguzi:
- Trizol, klorofomu, isopropanoli, ethanoli ya asilimia 75, glaikojeni, DNase I (ya kuondoa DNA).
- Kifaa cha Qubit cha kupima kiasi cha RNA, na Bioanalyzer au TapeStation ya kupima ubora wake.
- Flosaitomita (mashine inayozihesabu chembe moja moja kwa mwanga), au kama huna, chemba ya Nageotte na hadubini.
- Praima za PCR za ITGA2B, PTPRC na HBB (jeni za alama ya chembe sahani, nyeupe na nyekundu) zinazovuka mpaka wa eksoni, yaani vipande vya jeni vinavyounganishwa kwenye RNA.
- Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye umeme wa akiba.

Vibali viwe mkononi kabla ya sindano ya kwanza. Tanzania ni kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kenya ni kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sampuli zikienda kusomwa nje ya nchi, mkataba wa uhamishaji wa sampuli huchukua muda kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo uanze mapema.

## Hatua ya 1: Chagua watu, na hasa watu linganishi

Kila mgonjwa awe na mtu linganishi wa jinsia yake na umri ulio karibu, achukuliwe damu siku ileile, mahali palepale, na mtu yuleyule. Ukiwachukua wagonjwa Jumatatu hospitalini na watu linganishi Alhamisi chuoni, utakuwa umelinganisha Jumatatu na Alhamisi.

Usikope watu linganishi kutoka hifadhidata za Ulaya au Marekani kwa kuokoa fedha. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni PCTP hudhihirika zaidi katika chembe sahani za Wamarekani weusi kuliko za weupe, na tofauti hiyo inaendana na jinsi chembe zao zinavyoitikia thrombini kupitia kipokezi PAR4. Hao wote walikuwa watu wenye afya. PCTP hiyohiyo huendeshwa na RUNX1, hivyo ukichukua familia ya Kitanzania yenye kasoro ya RUNX1 na kuilinganisha na watu wa Ulaya, utakuwa umefunga mambo mawili katika kifurushi kimoja na hutaweza kuyafungua.

Uliza na uandike:
- Aspirini, ibuprofeni au dawa nyingine za maumivu katika siku 10 zilizopita.
- Steroidi, hasa kwa wagonjwa wa ITP.
- Kuongezewa chembe sahani. Mgonjwa wa Glanzmann au Bernard-Soulier aliyeongezewa wiki iliyopita anabeba chembe za mtu mwingine, na utasoma jeni za mchangiaji. Subiri zaidi ya siku 10.
- Malaria. Hushusha idadi ya chembe sahani na kuuchangamsha uboho. Pima makundi yote mawili siku ya damu, hata asiye na homa.

Hapa umefanikiwa ukiwa na jedwali ambalo ndani yake mgonjwa na mtu wake linganishi wanatofautiana kwa ugonjwa tu, au tofauti nyingine zote zimeandikwa.

## Hatua ya 2: Chukua damu bila kuziamsha chembe

Funga mpira wa mkononi kwa wepesi na uulegeze damu inapoanza kutoka. Mililita 3 za kwanza zitupe, au zitumie kwa tyubu ya EDTA, maana zina vitu vya jeraha la sindano vinavyochochea kuganda. Kisha jaza tyubu za ACD-A hadi kwenye alama. Zigeuze taratibu mara 5 au 6. Usizitikise.

Mtu mzima mwenye hesabu ya kawaida, yaani chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita, atakutosheleza kwa mililita 20. Mwenye 250,000 ana chembe bilioni 5 katika kiasi hicho, na ukipata theluthi hadi nusu yake mwisho wa kazi umefanya vizuri. Mgonjwa wa ITP mwenye 20,000 ana milioni 400 tu. Usimtoe mtoto au mgonjwa mwenye upungufu wa damu zaidi ya kibali kinavyosema. Punguza malengo yako badala yake.

Onyo: usiweke damu kwenye barafu wala friji. Baridi hubadili umbo la chembe sahani na kuziamsha. Zinataka nyuzi 20 hadi 24. Dar es Salaam au Mombasa, mchana wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30, kwa hiyo tumia kasha lenye vifuko vilivyotulia kwenye nyuzi 22 na uweke kipimajoto ndani. Beba tyubu zikiwa wima. Anza kutenganisha ndani ya saa 2. Saa 4 ndio ukomo.

Damu ikiwa nzuri haina vinyuzi wala mabonge ukiiinamisha tyubu. Ukiona hata uzi mmoja, itupe sampuli hiyo. Bonge dogo humeza chembe nyingi, na zinazobaki hazifanani na zilizoondoka.

## Hatua ya 3: Pata plazma yenye chembe sahani

Zungusha kwa g 200 (g ni nguvu ya mzunguko, kipimo chake ni mvuto wa dunia), dakika 20, nyuzi 22, breki imezimwa. Breki ikiwashwa, utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu huchafuka na kupanda kwenye plazma.

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua, kwa sababu wananakili mizunguko kwa dakika kutoka maabara nyingine. Kinachozitenganisha chembe ni g, na g hutegemea ukubwa wa rota:

g = 0.00001118 × nusu kipenyo cha rota kwa sentimita × (mizunguko kwa dakika)²

Mizunguko 1,337 kwa dakika hutoa g 200 kwenye rota ya sentimita 10. Mizunguko hiyohiyo kwenye rota ya sentimita 16 hutoa g 320, na chembe zako sahani kubwa zinazama pamoja na chembe nyekundu. Kwa rota ya 16 unahitaji 1,057. Pima rota yako kwa rula, kuanzia katikati hadi kwenye kitako cha tyubu iliyolala.

Nyonya theluthi mbili za juu tu za plazma. Ile sentimita iliyo juu ya utando mweupe iache. Najua inauma kuiacha wakati mgonjwa ana chembe chache, lakini humo ndimo zilimo chembe nyeupe zitakazoharibu kazi yote.

Mtego wa chembe kubwa. Katika ugonjwa wa Bernard-Soulier, wa chembe sahani za kijivu na wa MYH9, chembe sahani ni kubwa kupita kiasi, nyingine hukaribia ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa g 200 zitazama, nawe utabaki na zile ndogo zisizouwakilisha ugonjwa. Shusha hadi g 100, au iache damu itulie wima yenyewe. Hesabu chembe kabla na baada: kama umepata robo tu ya zilizokuwemo, umechuja kwa ukubwa. Tena kwa wagonjwa hawa usitumie vichujio vya chembe nyeupe vya benki ya damu, maana vitazinasa chembe kubwa. Tumia shanga za CD45.

## Hatua ya 4: Ondoa chembe nyeupe

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo wanayoiruka wenye haraka.

Ongeza prostaglandini E1 hadi mikromola 1. Weka shanga za CD45 kwa kipimo cha mtengenezaji, ziache dakika 15 hadi 20 kwenye joto la chumba chenye nyuzi 22, ukigeuza polepole. Lowesha safu kwa bafa, kisha pitisha plazma ishuke kwa uzito wake. Usiisukume kwa bomba la sindano. Kinachopita ndicho unachokitaka. Rudia kwa safu mpya ikibidi.

Sasa hesabu. Mashine ya kawaida ya hesabu ya damu itakuambia chembe nyeupe ni sifuri, na jibu hilo halina maana: haioni kiwango cha chini hivyo. Chemba ya Neubauer nayo haifai, kwani miraba yake yote tisa inabeba mikrolita 0.9 tu. Nageotte hubeba mikrolita 50. Ukiwa na chembe sahani 200,000 kwa mikrolita, ukaongeza maji ya rangi mara 10, ndani ya chemba mna chembe sahani milioni 1 kamili. Unatakiwa uone chembe nyeupe moja au usione kabisa. Jaza chemba mara nne uchukue wastani, kwa kuwa tofauti ya sifuri na moja yaweza kuwa bahati. Kwa flosaitomita, kusanya matukio milioni kadhaa ukiwa na rangi za CD41 (alama ya chembe sahani) na CD45.

### Kwa nini wagonjwa hutoka wachafu kuliko watu wenye afya

Sehemu hii isome mara mbili.

Mtu mwenye afya ana chembe sahani 250,000 na chembe nyeupe 6,000 kwa mikrolita. Uwiano ni 42 kwa 1. Mgonjwa wa ITP mwenye chembe sahani 20,000 na chembe nyeupe zilezile 6,000 ana uwiano wa 3.3 kwa 1. Tumia shanga zilezile, kwa muda uleule, ziondoe asilimia ileile ya chembe nyeupe: sampuli ya mgonjwa itabaki na uchafu mara 12.5 ya mwenzake. Jeni za kinga zitaonekana zimepanda kwa wagonjwa wote, kwa takwimu nzuri kabisa, na marudio mengi yatazidi kuthibitisha uongo huo.

Kwa wagonjwa ambao uboho wao huzalisha chembe sahani kupita kiasi, mambo hugeuka. Mwenye 900,000 hutoka msafi kuliko mtu mwenye afya, na jeni za kinga huonekana zimeshuka.

Kwa hiyo usifuate muda sawa wala idadi sawa ya safu. Fuata usafi sawa: kila sampuli irudiwe mpaka ifikie chembe nyeupe 1 kwa milioni, hata kama mgonjwa atahitaji safu tatu na mwenzake moja. Tahadhari ni kwamba kila safu inachukua dakika za ziada, na RNA huendelea kupungua. Sampuli ya mtu linganishi nayo isubiri muda uleule kwenye benchi.

Fanya pia jaribio moja la pembeni. Chukua chembe sahani safi za mtu mwenye afya, zigawe mafungu matatu, na ongeza kwa makusudi chembe nyeupe zake mwenyewe: 0, 5 na 50 kwa milioni. Jeni zinazopanda pamoja na kipimo hicho ndizo orodha yako ya uchafu. Utaihitaji katika Hatua ya 9.

## Hatua ya 5: Kusanya chembe na uziyeyushe mara moja

Zungusha kwa g 1,000, dakika 10, prostaglandini ikiwa bado imo. Mwaga plazma. Kitako cha chembe tulivu ni laini, cheupe kama maziwa. Kilichokaza na kugoma kuachana ni cha chembe zilizoamka.

Kabla ya kuyeyusha, sawazisha idadi. Ikiwa mgonjwa ana milioni 200, chukua milioni 200 kutoka kwa mtu linganishi, siyo bilioni 2. RNA kidogo huleta makelele mengi (tofauti za bahati tu) kwenye usomaji, na hutaki makelele yawe upande mmoja. Yeyusha ndani ya mililita 1 ya Trizol, nyonya na kurudisha mpaka pasiwe na punje, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli ikishaingia kwenye Trizol, unaweza kupumzika.

## Hatua ya 6: Toa RNA

Mikrogramu 20 za glaikojeni ziwe ndani kabla ya kitu kingine. Bila hiyo hutaona kitako. Mililita 0.2 za klorofomu, tikisa sekunde 15, g 12,000 kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4. Chukua maji ya juu bila kugusa mpaka wa matabaka. Mililita 0.5 za isopropanoli, dakika 10, g 12,000 kwa dakika 10. Osha kwa ethanoli ya asilimia 75. Yeyusha kwa mikrolita 12 za maji yasiyo na RNase. Tumia DNase.

Tegemea mamia ya nanogramu hadi mikrogramu moja au mbili kwa kila chembe bilioni 1. Pima kwa Qubit. NanoDrop huhesabu mabaki ya fenoli kana kwamba ni RNA, na kwa viwango hivi vidogo itakudanganya.

Mchoro wa Bioanalyzer hautakuwa mzuri kama wa RNA ya ini. Chembe sahani kuukuu zina RNA ya ribosomu iliyokwisha kukatika. RIN (alama ya uzima wa RNA, kuanzia 1 hadi 10) ya 7 na kuendelea ni furaha; chini ya hapo angalia kama watu linganishi nao wako hivyo kabla ya kuitupa sampuli.

## Hatua ya 7: Mtihani wa usafi kwa PCR

Pima ITGA2B kwa chembe sahani, PTPRC, ambayo ndiyo jeni ya CD45, kwa chembe nyeupe, na HBB kwa chembe nyekundu changa. PTPRC ichelewe nyuma ya ITGA2B kwa angalau mizunguko 10, yaani pungufu mara elfu moja, na isitofautiane kwa mpangilio kati ya wagonjwa na watu linganishi. Hilo la pili ndilo muhimu zaidi.

Ikiwa huna fedha za kusoma RNA yote, unaweza kuishia kwa PCR ya jeni chache ulizozichagua. Ila usitegemee GAPDH peke yake kama jeni ya kusawazishia. Pima tatu au nne katika sampuli zako, kisha uchague mbili zisizoyumba.

## Hatua ya 8: Usomaji na hesabu

Kama unatafuta wingi wa mRNA, maktaba (RNA iliyoandaliwa kusomwa) ya mkia wa A yatosha, na usomaji milioni 20 hadi 30 kwa sampuli. Kama unashuku kasoro ya uunganishaji wa eksoni, ondoa RNA ya ribosomu badala yake na usome milioni 50 au zaidi. Njia hiyo ina ushahidi: mwaka 2011 kundi la Toronto lilisoma RNA ya chembe sahani za mgonjwa mmoja wa chembe za kijivu, likaona introni (kipande kinachopaswa kuondolewa) iliyobaki ndani ya nakala za NBEAL2, na hivyo ndivyo kundi hilo lilivyoipata jeni ya ugonjwa.

Changanya wagonjwa na watu linganishi katika kila bechi (kundi linaloandaliwa pamoja) ya maktaba. Bechi ya wagonjwa peke yao haina tiba.

Kwenye kompyuta: FastQC kwa ukaguzi, STAR au Salmon kwa kupanga, kisha DESeq2, edgeR au limma. Modeli itangulize bechi, jinsia na umri, kisha ugonjwa. Usilinganishe kwa TPM, yaani sehemu ya kila jeni kati ya nakala milioni moja. Katika chembe sahani, jeni chache kama B2M, PPBP, PF4 na TMSB4X, pamoja na RNA ya mitokondria, hula sehemu kubwa ya usomaji wote. Mojawapo ikipanda, maelfu ya nyingine huonekana zimeshuka ingawa hazikuguswa. DESeq2 na edgeR zina namna yake ya kusawazisha inayolipunguza tatizo hilo.

Kabla ya kuangalia jeni hata moja, chora PCA (mchoro unaoonyesha sampuli zipi zinafanana) na uipake rangi mara nne: kwa ugonjwa, kwa bechi, kwa PTPRC na kwa HBB. Mhimili wa kwanza ukifuata PTPRC, rudi Hatua ya 4. Yule aliyeona watu wenye afya wamegawanyika mara mbili, aanze na rangi ya bechi.

## Hatua ya 9: Ipitishe kila jeni kwenye maswali manne

Unayo orodha ya jeni zilizotofautiana, kiwango cha ugunduzi wa uongo kikiwa chini ya asilimia 5. Sasa uliza, kwa kila jeni unayotaka kuiandika:

Je, imo kwenye orodha ya uchafu? Ile ya Hatua ya 4. Ikiwemo, iondoe au uithibitishe kwa njia nyingine.

Je, ni umri wa chembe tu? Mgonjwa wa ITP hupoteza chembe haraka, uboho unajaza pengo, na damu inajaa chembe changa zenye RNA nyingi. Tofauti kubwa utakazoona zaweza kuwa za uchanga, wala si za ugonjwa wenyewe. Pima sehemu ya chembe changa kwa mashine ya hesabu ya damu yenye uwezo huo, au kwa rangi ya thiazole orange kwenye flosaitomita, na uiweke kwenye modeli. Njia bora zaidi ni kumpata mtu linganishi wa pili: mgonjwa ambaye chembe zake ni changa kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano anayepona baada ya tiba ya saratani.

Je, inaeleweka ndani ya megakariosaiti? Kwa kasoro ya RUNX1, jeni zinazotegemea RUNX1 zinatakiwa zishuke: MYL9 na ALOX12 zimeonyeshwa hivyo kwa mgonjwa. MYH10 nayo, ambayo RUNX1 huinyamazisha megakariosaiti inapokomaa, hubaki imewaka. Kama wagonjwa wako wa RUNX1 hawaonyeshi hata dalili ya hayo, shuku kazi kabla ya kushuku vitabu. Mfano mwingine mzuri ni ugonjwa wa chembe sahani wa Quebec: nakala ya ziada ya PLAU kwenye kromosomu 10 hupandisha jeni hiyo moja zaidi ya mara 100 ndani ya chembe sahani, na chembe hizo huyeyusha bonge la damu mapema mno.

Je, protini inakubali? Glanzmann ni kasoro ya ITGA2B au ITGB3, lakini usitegemee RNA yake ishuke daima. Badiliko linalokatiza protini katikati mara nyingi huifanya RNA iharibiwe. Linalobadili asidi amino moja laweza kuiacha RNA ilivyo, huku protini haifiki juu ya chembe. Pima CD41, CD61 na CD42b, protini za juu ya chembe sahani, kwa flosaitomita kwenye damu ileile. RNA ya kawaida na protini iliyokosekana ni jibu kamili, si jaribio lililoshindwa.

Katika yote, kumbuka kuandika "RNA hii ni nyingi zaidi katika chembe sahani za wagonjwa". Usiandike "chembe sahani za wagonjwa zimeiwasha jeni hii". Hazina pa kuiwashia.

## Hatua ya 10: Andika yale ambayo mwingine atayahitaji

Kwa kila sampuli toa: hesabu ya chembe sahani na chembe nyeupe kwenye damu, muda kuanzia sindano hadi Trizol, g na rota, idadi ya safu zilizopitishwa, chembe nyeupe zilizobaki kwa kila milioni, sehemu ya chembe changa, RIN, na tofauti ya Ct (idadi ya mizunguko ya PCR) kati ya PTPRC na ITGA2B. Ziweke kwenye jedwali moja pamoja na data ghafi, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa. Katika familia ya watu wanne wenye ugonjwa adimu, umri, jinsia na wilaya vyatosha kumtambulisha mtu, kwa hiyo umri utoe kwa makundi ya miaka kumi na wilaya uiache kabisa.